Bunduki Isiyo na Baruti

Mji wa Singida umekaa kati ya mawe na maji. Upande mmoja liko Ziwa Singidani, upande mwingine Ziwa Kindai, na kila unakogeuka kuna majabali ya granaiti, mengine yamerundikana hadi ukingoni mwa maji. Mtu akisoma maelezo ya ile silaha ya kupigia samaki chini ya maji, ambayo Waingereza wameipa jina kwa kuunganisha mkuki na bunduki, anaweza kudhani ilibuniwa kwa ajili ya mahali kama hapa: miamba, majani ya majini, samaki anayejibanza kwenye mwanya. Kinachokosekana ni kimoja tu, nacho ndicho kikubwa. Maji ya Singidani ni ya magadi, hayana kina kirefu, na ukijani wa vijimea vinavyowavuta heroe huyafanya yasipenyeke kwa macho. Silaha hii ni ya mtu anayemwona samaki kabla ya kumpiga.

Ndiyo maana wavuvi wa huku wanategemea nyavu na ndoano, pale Singidani na hata Kitangiri, ziwa la Iramba linalolishwa na Mto Wembere na kumwaga maji yake Ziwa Eyasi kupitia Mto Sibiti. Samaki anayewavutia zaidi wanasayansi katika maziwa hayo ni aina ya perege anayestahimili magadi, Oreochromis amphimelas, ambaye makazi yake ya asili yako Tanzania peke yake, katika maziwa kama Manyara, Eyasi, Kitangiri na Singidani. Hakuna anayemzamia na silaha mkononi.

Lakini istilahi haifungwi na pwani. Mwalimu wa sekondari Manyoni, mtafsiri wa kanuni za uvuvi, kijana wa Mkalama aliyekwenda kutafuta maisha Kilwa au Muscat, wote wanaweza kukutana na chombo hiki na kuhitaji jina lake. Tena maneno yanayokieleza vizuri zaidi yapo bara, mikononi mwa watoto na wawindaji ambao wengine hawajawahi kuiona bahari.

Wavuvi wa pwani ya Kenya hawakusubiri kamati. Wanaiita bunduki, basi, na wenzao huelewa kwamba aliyekwenda baharini na bunduki leo hakwenda kuwinda nguruwe pori. Nyingi zimetengenezwa kienyeji: kitako cha mbao, vipande vya mpira wa tyubu, na nondo nyembamba iliyochongolewa. Jina hilo lina haki yake, kwa sababu chombo kinashikwa kama bunduki. Kina kitako, kina mtutu, kina triga, na mpigaji hulenga kwa kunyoosha mkono mmoja mbele. Vitabu vilivyotaka kuwa na uhakika zaidi vimesema bunduki ya mkuki, tafsiri inayofuata Kiingereza hatua kwa hatua.

Tatizo ni kwamba ndani ya chombo hicho hamna baruti wala risasi. Kinachosukuma chuma ni mpira uliovutwa. Mtoto yeyote wa Singida aliyewahi kukata panda ya mti, akafunga vipande viwili vya tyubu na kuweka kipande cha ngozi katikati ameshaelewa jambo zima: hii ni manati. Tofauti ni kwamba manati yake hurusha kijiwe, na hii hurusha chuma kirefu. Yake hushikiliwa na vidole mpaka dakika ya kuachia, na hii hushikiliwa na ndoano ndogo ndani ya kitako mpaka triga ivutwe. Hata kitenzi ni kilekile. Mtu hufyatua manati, hufyatua mtego, hufyatua risasi. Kufyatua ni kuiachia ghafla nguvu iliyokuwa imezuiliwa, na Kiswahili hakijali kama nguvu hiyo ilitoka kwenye mpira, kwenye kijiti kilichopindwa au kwenye baruti.

Wafaransa walipita njia hiyohiyo. Silaha za kwanza za aina hii zilienea pwani ya kusini ya Ufaransa katika miaka ya 1930, baadhi zikiwa za springi, na zile za mpira zilipokuja walizipa jina arbalète, ambalo ni upinde wa kale uliolazwa juu ya kitako. Waliangalia nguvu inatoka wapi. Mhadzabe wa Munguli, wilayani Mkalama, akipewa chombo hiki leo huenda akakitambua haraka kuliko askari: kuna kitu kinachovutwa, kuna mshale, kuna kuachia.

Upande wa pili wa jina, yaani mkuki, nao unahitaji kuangaliwa. Mkuki hurushwa ukaenda, na mwenye mkuki huufuata. Chuma cha silaha hii hakiendi peke yake. Kimefungwa kamba inayorudi kwenye mtutu, na karibu na ncha kina ulimi mdogo wa chuma unaolala wakati wa kuingia katika nyama na kusimama kinapovutwa nyuma, ili samaki asichomoke. Pwani ina neno la kale kwa chuma cha namna hiyo, chenye ncha, kizuizi na kamba, cha kuvulia samaki wakubwa: chusa. Mkuki ni neno linalojulikana na wengi, lakini chusa ndilo linaloeleza kamba na ule ulimi bila kuongeza maelezo.

Kwa hiyo jina linalostahili kuingia vitabuni ni bunduki ya chusa. Bunduki ibaki, kwa kuwa wavuvi wameshaamua na umbo lake linakubali. Mkuki utoke, kwa kuwa unaficha kamba. Chini ya jina hilo kuna aina mbili kubwa: bunduki ya chusa ya mpira, ambayo mwalimu anaweza kuieleza darasani kuwa ni manati yenye kitako, na bunduki ya chusa ya hewa, ambayo hushindilia hewa ndani ya mtutu uliozibwa. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, limesanifisha istilahi za fani nyingi. Za uvuvi wa kuzamia zingefaa kupewa kikao chake.

Faida ya kulijua jina kwa undani huonekana mtu anapotaka kuchagua. Anayewaza bunduki huuliza inapiga mbali kiasi gani. Anayewaza manati huuliza mpira una unene gani na unavutika kwa urefu gani, na hayo ndiyo maswali yenye majibu. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800. Mshale ambao hewani huenda makumi ya mita, majini huchoka baada ya mita chache. Kwa bunduki ya mpira yenye mtutu wa sentimita 90, umbali wa kazi ni kama mita tatu kutoka ncha, na kamba ndiyo inayoweka mpaka: ikizungushwa mara mbili kwenye mtutu chuma hufika mbali kidogo, ikizungushwa mara moja huishia karibu. Aidha miwani ya kuzamia humdanganya mpigaji. Samaki huonekana mkubwa kwa theluthi moja zaidi na karibu kwa robo kuliko alivyo, hivyo anayeanza hufyatua angali mbali. Ni mwanga uleule uliopinda unaomfanya anayechoma kambare kwa mkuki kwenye maji ya kina kifupi kulenga chini ya pale anapomwona.

Bunduki hizi hupimwa kwa urefu wa mtutu, kwa kawaida kuanzia sentimita 50 hadi 130 na kuendelea. Ndefu ni za maji mapana na maangavu, kwa nguru na jodari wanaopita bila kukaribia. Penye miamba urefu huo hugeuka mzigo. Mzamiaji anachungulia chini ya jabali, samaki yuko mkono wa kushoto, na mtutu wa sentimita 120 hauwezi kugeuka bila kugonga mwamba na kumfukuza. Huko sentimita 60 hadi 90 zinatosha. Kwa mashimo yenyewe, 50 au 60.

Unene wa chuma nao huamuliwa na mawe. Chuma cha milimita 6 au 6.5 huenda kasi na hukata maji vizuri, lakini kikikosa samaki na kugonga granaiti au matumbawe hupinda, na chuma kilichopinda hakiendi tena kinapolengwa. Wanaovua kwenye miamba huchukua cha milimita 7 au zaidi, wakikubali kupoteza kasi kidogo ili ncha ipone. Mpira wa milimita 16 hadi 18 unatosha kukisukuma katika mtutu mfupi. Ulio mnene zaidi hutoa nguvu nyingi, lakini hurudisha teke kwenye kiganja na kuiinua ncha wakati wa kufyatua, na shabaha huharibika. Bunduki ya hewa ina nafasi yake hapa, maana inaweza kuwa fupi na bado ikawa na nguvu, ila vizibio vyake hutaka kutunzwa na fundi wake si rahisi kupatikana. Mpira uliochakaa hubadilishwa na mvuvi mwenyewe, kwa mkasi na uzi.

Kuipakia ni kazi ya mwili mzima, na hufanywa ndani ya maji tu, ncha ikielekezwa pasipo na mtu. Mzamiaji huegemeza kitako kwenye nyonga au kifuani, hushika mpira kwa mikono yote miwili, kila upande wa mtutu, na kuvuta kwa mkupuo mmoja mpaka ile kamba ngumu iliyo kati ya ncha mbili za mpira iingie kwenye mkato wa chuma. Asiyefikisha urefu huo katika mkupuo mmoja amenunua bunduki isiyo yake, hata kama duka limeisifu.

Mambo hubadilika tena penye kelpu. Jina hili limeandikwa hapa kwa kukosa lingine, kwani mwani, kwa Mtanzania wa leo, ni lile zao la kamba na vijiti lililoanza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989. Kelpu ni ukoo mwingine: mimea ya baharini ya rangi ya kahawia, yenye shina, inayoshikilia mwamba na kusimama majini kama kichaka. Hupenda maji baridi, hivyo Tanzania haina. Afrika Kusini inayo katika pwani yake ya magharibi, ambako Ecklonia maxima hurefuka kwa mita kadhaa mpaka majani yakaelea juu ya maji. Na, jambo linaloweza kuwashangaza wengi, Oman inayo. Katika pwani ya Dhofar, karibu na Mirbat na Sadah, upepo wa msimu wa khareef, kuanzia Juni hadi Septemba, huyasukuma maji ya juu na kuyaibua ya chini yaliyo baridi, na Ecklonia radiata huota kwenye miamba katika nchi ya jangwa. Ndiko pia wazamiaji wa pumzi huokota konokono wa thamani wa jamii ya Haliotis katika msimu mfupi unaopangwa na serikali.

Kwenye kichaka cha namna hiyo kila kinachoning'inia ni hatari. Kamba ya boya hushika shina, rili iliyotokeza hunasa jani, na samaki aliyechomwa huzunguka mashina na kufunga fundo. Bunduki inayofaa ni fupi, sentimita 75 hadi 90, yenye mtutu laini usio na vitu vya pembeni, kamba isiyolegea, na kisu kilicho mahali ambapo mkono wowote unakifikia. Kisu hicho si cha samaki. Ni cha kukatia kamba, hata kama chuma kitapotea, pumzi inapokaribia kwisha.

Suala la sheria haliwezi kuachwa. Kenya ilipiga marufuku bunduki hizi, pamoja na majuya, kwa tangazo la serikali la mwaka 2001. Hoja haikuwa baruti bali samaki. Mzamiaji huchagua kwa macho, na kwenye matumbawe jicho humwangukia pono, samaki anayekula majani yanayofunika miamba. Baada ya joto la mwaka 1998 kuua matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, watafiti wa pwani ya Kenya walionyesha kwamba bunduki na madema ni miongoni mwa zana zinazochukua zaidi samaki wa kundi hilo, ambao miamba iliyojeruhiwa huwahitaji ili matumbawe machanga yapate pa kushika. Tanzania Bara uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya 2003 na Kanuni za 2009. Zanzibar ina sheria yake ya 2010. Anayetoka Singida na kutaka kujifunza mchezo huu pwani aanzie kwa ofisa uvuvi wa wilaya anayokwenda, kabla ya kutoa hata shilingi moja dukani. Huko ofisini jina lina uzito. Fomu ikiandikwa bunduki peke yake itapelekwa polisi. Ikiandikwa bunduki ya chusa ya mpira, itakaa kwenye meza ya uvuvi.