Dosie chini ya mkono: namna walinzi wa msitu walivyochaguliwa huko Beni na Butembo, tangu Parke Albert hadi leo

Kijana wa Butembo anayetafuta kazi ya kulinda msitu hutembea na dosie chini ya mkono: barua ya maombi, diploma ya serikali, cheti cha daktari, cheti cha mwenendo mwema, na kopi ya kadi ya uchaguzi, maana wengi hawana kitambulisho kingine. Babu yake, kama naye alilinda mbuga hiyo hiyo, hakuulizwa karatasi hizo. Aliangaliwa miguu, mgongo, na kama anazijua njia za porini.

Mbuga ilianza tarehe 21 mwezi wa nne 1925, kwa amri ya mfalme Albert wa kwanza wa Ubelgiji. Ilikuwa mbuga ya taifa ya kwanza katika Afrika, nayo ikapewa jina la mfalme. Mwanzoni ilihusu milima ya volkano na masokwe upande wa Rutshuru. Watu wa Beni na Lubero waliguswa baadaye kidogo, katika miaka ya 1930, mipaka iliposogezwa kaskazini hadi bonde la Semliki na mlima Rwenzori. Bonde la Semliki lilikuwa limehamishwa wakaaji wake kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Ugonjwa ulipopungua, waliotaka kurudi walikuta ardhi imekwisha kuwa mbuga. Jambo hilo halijasahauliwa hadi leo, na mtu asipolijua hataelewa kwa nini mlinzi wa mbuga hutazamwa kwa macho mawili: ni mtoto wa kwetu mwenye mshahara, lakini pia ni yule anayemfukuza mjomba wake shambani.

Wakati wa Wabelgiji hakukuwa na mtihani kwa mtu mweusi, kwa sababu hakukuwa na cheo cha kugombea. Konservateri alikuwa Mzungu. Mkongomani alikuwa mlinzi, mpagazi au kiongozi wa njia, na huko alibaki. Hata ofisini ilikuwa hivyo. Utumishi wa koloni uligawanywa ngazi mbili, ya Wazungu na ya wasaidizi weusi, na ni tarehe 13 mwezi wa kwanza 1959 tu ndipo kanuni moja kwa wote ilipotiwa sahihi. Ilichelewa mno. Uhuru ulipofika mwaka 1960, kati ya nafasi za juu za utawala zipatazo 4,600, Wakongomani walikuwa 3.

Halafu Wazungu wakaondoka, wengi kwa haraka. Mbuga haikuwa na mtu aliyesomeshwa kuiongoza, lakini walinzi walikuwapo, na hawakutawanyika. Anicet Mburanumwe, Mkongomani, alishika uongozi wa Parke Albert katika miaka hiyo ya fujo, wakati mshahara kutoka Leopoldville haukufika. Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt huko Ujerumani, alileta pesa ili walinzi wapate kula. Ni vizuri kulikumbuka hilo, maana watu husema kwamba bila Mzungu mbuga ingekufa. Mzungu alileta pesa, ni kweli. Lakini aliyelala porini na bunduki kuukuu alikuwa mtu wa Rutshuru, wa Lubero, wa Beni, na wengine walikufa hapo.

Mwaka 1967 serikali ilianzisha mtihani wa serikali kwa wanaomaliza shule ya sekondari, nchi nzima. Pole pole karatasi ile ikawa ufunguo wa kazi zote. Mwaka 1969 mbuga ilipata jina la Virunga, na mwaka 1979 UNESCO iliiandika kati ya hazina za dunia. Kuilinda sasa ikawa kazi ya kusoma: kuandika ripoti, kupima ramani, kuhesabu wanyama. Shule nazo zikafuata. Butembo ina ITAV kwa wanafunzi wa kilimo na mifugo, ina ISEAVF yenye masomo ya misitu, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kina wanafunzi wa kilimo. Kwa hiyo siku hizi wanaoomba kazi ya msitu si watu wa miguu yenye nguvu tu.

Hapa kuna milango miwili, na watu wengi huichanganya. Mlango wa kwanza ni wizara ya mazingira. Hao ndio watu wa kitambulisho na kalamu, wanaoonekana kwenye vizuizi vya barabara namba 4, malori ya mbao za libuyu yanaposhuka kuelekea Kasindi na Uganda. Sheria ya misitu ya tarehe 29 mwezi wa nane 2002 ndiyo wanayoisimamia. Sheria namba 16/013 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 inaagiza kwamba mtu aingie kazi ya serikali kwa mashindano ya mtihani, yaani konkuri. Katika ofisi nyingi mambo huenda kwa njia nyingine: mkubwa ana ndugu, ndugu ana mtoto, mtoto anaanza kuja kila asubuhi kabla ya kuandikwa. Akiandikwa huitwa NU, mtumishi mpya, asiye na namba ya utumishi wala mshahara, na anaweza kukaa hivyo miaka mingi. Mtu wa namna hiyo akisimama kizuizini mbele ya lori la mbao, matabishi yanakuwa ndiyo mshahara wake. Kosa si lake peke yake, ingawa msitu haujali kosa ni la nani.

Mlango wa pili ni ICCN, shirika la serikali linalolinda mbuga. Huko Virunga, kuchagua walinzi kumekuwa kukali zaidi tangu uongozi wa mbuga ulipobadilishwa mwaka 2008. Kuna maswali, kuna daktari, kuna kukimbia na kubeba mzigo, halafu mafunzo ya miezi sita. Wanaoomba ni wengi kupita nafasi mara nyingi. Baadaye hata wasichana walianza kupokelewa. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 juu ya ulinzi wa mazingira inampa mlinzi aliyeapishwa uwezo wa polisi wa mahakama katika eneo lake, yaani anaweza kukamata na kuandika mashtaka.

Mtihani ule hauna swali juu ya kifo, lakini kila mama wa Mutwanga au Kyavinyonge analiuliza mtoto anapoondoka na dosie. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa katika mbuga hii. Tarehe 11 mwezi wa tano 2018 mlinzi wa kike wa miaka 25 aliuawa akiwalinda watalii. Wanawake walinzi walikuwa 26 tu. Tarehe 24 mwezi wa nne 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 walikufa siku moja, pamoja na dereva na raia 4. Bado tangazo likitoka, vijana wanajipanga. Huko ambako shamba haliendeki kwa sababu ya ADF, mshahara unaokuja kila mwezi unalisha nyumba mbili au tatu.

Vita vimegusa hata karatasi. Tangu mauaji ya mwezi wa kumi 2014 katika eneo la Beni, familia zimekimbia usiku, mara nyingi bila kubeba kitu. Diploma iliyobaki chini ya godoro huko Mutwanga au Oicha imeungua na nyumba. Kanyabayonga ilipochukuliwa mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, barabara ya Butembo kwenda Goma ilikatwa na mstari wa vita. Na Goma ilipoanguka mwezi wa kwanza 2025, utawala wa jimbo ulihamia Beni. Mtu aliyezoea kupeleka dosie Goma alilazimika kuanza upya mahali pengine.

Kwa waliopoteza diploma kwa kukimbia: matokeo ya mtihani wa serikali huandikwa pia katika palmaresi, na nakala hubaki kwa serikali. Mwaka wa mtihani, jina la shule, sehemu ya masomo na namba ya mtahiniwa, hayo manne yakikumbukwa, mkuu wa shule au ofisi ya elimu ana pa kuanzia. Wazazi wengine kambini wameanza kuandika namba hizo nyuma ya daftari la sala, pamoja na tarehe za kuzaliwa za watoto.