Ukumbi wa Azimio, Arusha

Kabla ya kuwa makumbusho mwaka 1977, jengo hili lilikuwa ukumbi wa jamii wa mji uliokuwa bado mdogo: sensa ya 1967 iliikuta Arusha na wakazi takriban 32,000. Simama katikati, upime kwa macho. Humu ndimo Halmashauri Kuu ya chama tawala cha TANU, ikiongozwa na Mwalimu Julius Nyerere, ilimokutana tarehe 26 hadi 29 Januari 1967 na kupitisha Azimio la Arusha, lililoweka siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Lilitangazwa Februari 5. Kesho yake benki zikataifishwa. Inagusa moyo kwamba uamuzi mzito hivyo ulifanyika katika ukumbi wa kawaida wa wananchi. Ukitoka, utauona Mnara wa Mwenge kwenye mzunguko wa barabara.