Tirikeza: usiku wa wapagazi katika Mgunda Mkali

Tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, mazungumzo ya mji huu ni ya saa. Fulani katoka Dar alfajiri, kamaliza shughuli zake Mtumba, na usiku huohuo yuko kwake Kimara anakula ugali. Nami nimejisifu hivyohivyo, sikatai. Ila reli hiyo mpya inakomea Makutupora. Kipande cha kutoka hapo kwenda Tabora bado kinajengwa, na mafundi wanaokijenga wanakatiza nchi ambayo misafara ya karne ya 19 iliiita Mgunda Mkali.

Mgunda ni shamba. Ukali wake ulikuwa wa jua na kiu. Lilianza pale Ugogo unapoishia upande wa magharibi, karibu na Mdaburu, likaenda hadi Tura, mlango wa Unyamwezi. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipolivuka mwaka 1857 lilikuwa kazi ya siku nane, na hata hapo aliambiwa kuwa mambo yamekuwa mepesi, kwa kuwa Wakimbu walikuwa wameanza kufyeka mashamba katikati yake. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni kichaka cha Itigi: miti mifupi iliyosongamana, haimpi mtu kivuli cha maana wala haimwachii nafasi ya kuona mbele. Anayedhani porini mtu anajiongoza kwa kutazama kilima cha mbali, akaingie humo kwanza.

Sasa iweke picha hiyo usiku. Watu mia kadhaa, kila mmoja na frasila mbili begani, yaani kama kilo 32, bila kuhesabu mkeka wake, kibuyu chake na silaha yake. Hakuna ramani wala dira. Maji ya mbele yako mbali kuliko mwendo wa siku moja.

Dawa ya wapagazi ilikuwa tirikeza. Siku ya kawaida msafara uliondoka alfajiri, ukatua kabla ya adhuhuri penye kisima au dimbwi. Maji yalipokuwa mbali, hesabu ilipinduliwa. Asubuhi watu walibaki kisimani, wakapika, wakala, wakanywa hadi tumbo likakataa, wakajaza vibuyu. Jua likianza kuinama, mizigo ikapanda mabegani. Walitembea mpaka giza, wakalala pakavu, wakaamka kabla ya mapambazuko na kumalizia kipande kilichobaki kabla jua halijawakuta. Kiu ya siku mbili ikakatwa vipande viwili, na usiku ukawekwa katikati. Ukilisikiliza neno lenyewe utasikia ndani yake kuteleka, kuweka chungu motoni. Burton aliichukia tirikeza kuliko karibu kila kitu cha safari ile. Wanyamwezi walioibeba mizigo yake waliiona ni sehemu ya kazi.

Makala haya yanategemea zaidi vitabu viwili: kile cha Burton cha mwaka 1860, na kile cha mwanahistoria Stephen Rockel cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa njia ya kati. Wawili hao hawapatani. Burton anaona kila kitu na kumtukana karibu kila mtu. Rockel anachukua yaleyale aliyoyaona Burton na kuonyesha kuwa wapagazi wale, hasa Wanyamwezi, walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye ujuzi na heshima ya kazi yao, waliokubaliana malipo na waliojua kugoma. Mimi niko upande wa Rockel. Vituko, hata hivyo, nimevichukua kwa Burton, maana jicho alikuwa nalo.

Mbele ya wote alitangulia kirangozi, ambaye masikio ya leo yanamsikia kama kiongozi. Alivaa joho jekundu, ngozi ya mbega na kilemba cha manyoya ya ndege, akabeba mzigo mwepesi kuliko wote na bendera nyekundu ya Zanzibar. Nyuma yake ilikuja ngoma, kisha wabeba pembe za ndovu, na pembe hizo zilifungwa kengele za ng'ombe nchani. Burton anaiona kengele kuwa pambo. Ila katika kichaka kama cha Itigi, jioni inapoingia na msafara umetawanyika, nadhani mtu wa nyuma alishukuru kuwa ndovu wa watu analia. Lilikuwapo pia baragumu la pembe ya tandala, la kuwaita waliochelewa.

Njia ilipogawanyika, wa mbele waliifunga ile isiyofaa kwa tawi la majani lililolazwa juu yake, au kwa mstari uliochorwa vumbini kwa unyayo. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa ramani, na kila aliyekuja nyuma aliisoma.

Siku hizi kutafuta njia gizani ni mchezo. Kule Ufini kila Juni vijana hukesha msituni kwa mashindano yanayoitwa Jukola: timu za watu saba, wanapokezana, wa kwanza anaanza saa tano usiku akiwa na ramani, dira na taa ya kichwani, anatafuta vituo vilivyofichwa kati ya miti. Mchezo huo wa kutafuta njia ulitoka kwenye mazoezi ya wanajeshi wa nchi za kaskazini, na shindano la wazi la mapema linalojulikana lilifanyika Norway mwaka 1897. Miaka 40 kabla ya hapo, huku Ugogo, timu zilikuwa barabarani. Zawadi ilikuwa maji.

Na kanuni zilikuwapo. Hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia kirangozi. Aliyethubutu alichomolewa mshale mmoja podoni. Haukuvunjwa wala hakupigwa. Ulitunzwa kama kielelezo mpaka kambini, na huko alilipa faini ndipo akarudishiwa. Mkubwa aliyebuni adhabu hiyo alijua watu. Katika giza na kiu, kila mwenye miguu mizuri anatamani kukimbia peke yake kuelekea kisimani, na msafara uliokatika vipande ni chakula cha wanyang'anyi. Kuna jingine: waliofika kwanza kambini ndio waliopora vibanda vizuri vilivyoachwa na misafara iliyopita, wa mwisho wakalala mvunguni mwa nyota.

Lakini kituko ambacho sijamaliza kukicheka ni kile cha misafara miwili kukutana. Njia ilikuwa nyembamba, ya mtu mmoja mmoja. Mmoja anatoka Tabora na pembe, mwingine anatoka Bagamoyo na vitambaa na shanga, na hapana anayetaka kuingia miibani kumpisha mwenzake. Basi viongozi wao wanasogeleana ubavu kwa ubavu, kwa madaha, kama wachezaji wa ngoma wanaopimana. Wanasimama. Kisha wanarukiana na kugonganisha vichwa kama madume ya kondoo. Walio nyuma wanaona wakubwa wameanza, nao wanafuata. Kichaka kizima kinasikia mafuvu. Mgeni angedhani vita imelipuka. Kumbe inaisha kwa vicheko na kushikana mikono, na waliozidiwa wanatoa zawadi ndogo ya kukubali kuwa wamezidiwa, halafu wanapisha.

Rockel na wenzake wanauhusisha utani wa makabila, ule ambao Mnyamwezi na Mzaramo wanaufanyia hata msibani, na maisha ya njia hii. Sishangai. Watu waliozoea kugongana vichwa saa tisa alasiri na kuchota maji kisima kimoja saa kumi na mbili, wasipotaniana watauana.

Hesabu za Ugogo kabla ya Mgunda zilikuwa nyingine. Huko maji yalikuwapo ila yalikuwa na mwenyewe, na watemi walidai hongo ya vitambaa na nyaya za shaba kabla msafara haujagusa kisima. Magomba wa Kanyenye alimtoza Burton mwaka 1857, na msafiri mwingine, Stanley, alipopita mwaka 1871 alimkuta Magomba yupo na bado anatoza. Wageni waliandika malalamiko kurasa na kurasa. Mgogo aliyechimba kisima katika nchi inayopata mvua msimu mmoja tu kwa mwaka hakuandika chochote, kwa hiyo tumesoma upande mmoja.

Tumesoma upande mmoja hata kuhusu nani aliyeijua njia. Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa misafara ya wageni hao, alipita huku na Burton na mwenzake Speke, akarudi na Speke na Grant, akaja tena na Stanley, kisha akavuka bara zima na Cameron. Chama cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha na pensheni. Hao wengine waligawana dhahabu na majina ya mitaa.

Wajerumani walimaliza habari ya tirikeza kwa chuma. Reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Wapagazi waliobaki wakageuzwa wachukuzi wa vita. Kilimatinde, iliyokuwa boma na kituo kikubwa cha njia ya misafara, ikapitwa na reli, Manyoni ikakua.

Baada ya hapo hakuna mengi ya kusimulia. Mwaka 2006 serikali iliiweka njia hii ya kati kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tazama orodha hiyo: miji na maboma, mahali watu walipotua. Kichaka chenyewe, ambacho ndicho kilichowapima, hakimo. Bagamoyo inapata watalii wake, Ujiji ina mnara wa Livingstone na Stanley, Itigi inapata malori ya mkaa.

Ukipanda treni ya zamani kutoka Itigi kwenda Tabora, vituo vinakuja kimoja kimoja: Kitaraka, Kazikazi, kisha Tura. Abiria wengi wanasinzia. Burton aliuliza maana ya jina hilo la mwisho akaambiwa ni amri ambayo kila Mswahili anaielewa bila mkalimani: tua, weka mzigo chini. Wanyamwezi waliotokeza hapo kutoka gizani walikuwa wamefika mlangoni mwa kwao.