Naongeza au Nafuta?

Mwaka 1885 mapadre wa White Fathers walipopokea kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, walikuwa na agizo la mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie: kila misheni iandike shajara. Ukurasa wa leo ulifuata wa jana. Hapana uliomfuta mwenzake. Nami nilikulia Kaengesa, huku Ufipa, nikidhani maandishi yote huwa hivyo.

Kompyuta nazo ziliiga masjala. Mpango wa kuweka majalada ndani ya majalada ulielezwa Marekani mwaka 1965, katika mradi wa Multics, kisha ukaenezwa na Unix, iliyoanza mwaka 1969. Mwaka 2009 Ryan Dahl alitoa Node.js. Kwa hiyo JavaScript, lugha iliyozoeleka katika kurasa za intaneti, ikaenea pia kwenye seva, ikifungua folda na kuandika mafaili.

Kwa njia hiyo nilihifadhi masimulizi ya bibi yangu. Kila jioni alisimulia, nami nikachapa, na programu yangu ndogo ikaandika kwa amri ya writeFile. Amri hiyo ikikuta faili lenye jina lilelile, hufuta yaliyomo bila kuuliza. Iliyofaa ni appendFile, ambayo huongeza mwishoni.

Baada ya mazishi yake nilifungua faili. Nilikuta jioni moja tu, ya mwisho.

Mashine haikukosa, ilitii. Tangu siku hiyo, kabla ya kuandika neno, hujiuliza kwanza: naongeza, au nafuta?