Msonobari: Kupakwa, Kuvuliwa na Kupakwa Tena

Kwa mtu aliyekulia nyumba yenye kitanda cha mninga au mlango wa mvule, kupaka mbao rangi ni kuficha mali. Seremala wa Uingereza wa karne ya 18 asingembishia. Ila yeye mara nyingi alikuwa na msonobari mkononi, na msonobari ulistahili kufichwa. Mbao hizo laini zililetwa kwa meli kutoka Norwei na nchi za Baltiki, zikiuzwa kwa bei nafuu kuliko mwaloni. Zilitumika kutengeneza makabati ya jikoni, masanduku ya nguo na meza za vyumba vya watumishi. Vifundo vyake vilimtangaza mwenye nyumba kuwa hana uwezo.

Basi vikafunikwa. Rangi ilichanganywa kwa mafuta ya kitani na unga mweupe wa madini ya risasi. Kufikia karne ya 19 mafundi hawakutosheka na kuficha tu, bali waliiga pia mwaloni. Walitanguliza rangi ya manjano, wakaikausha, wakapaka ya kahawia juu yake. Kabla haijakauka, waliipitishia kitana cha chuma mpaka mistari ya mwaloni ikajitokeza.

Ng'ambo ya Atlantiki, katika mji wa Provincetown, Massachusetts, msanii Peter Hunt alifanya rangi iwe ndiyo mali yenyewe. Alikusanya viti na makabati yaliyochakaa, akayachorea mioyo, maua na wanakijiji wa Ulaya, kisha akayauza kwa watalii. Alijisimulia kuwa na asili ya kifahari, ilhali alizaliwa na jina la Schnitzer, mtoto wa New Jersey. Katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, fanicha mpya zilipokuwa adimu, ufundi wake ulishika kasi, na mwaka 1945 alitoa kitabu cha kuwafundisha watu kujipakia wenyewe nyumbani.

Uingereza ilikwenda kinyume. Mwaka 1964 mbunifu Terence Conran alifungua duka la fanicha la Habitat katika barabara ya Fulham, London, na vijana wa tabaka la kati wakaanza kupenda mbao zinazoonyesha mistari yake ya asili. Hitaji hilo likawaamsha wauza vitu vya kale. Kabati la jikoni lililokaa na rangi miaka mia moja lilizamishwa zima katika tangi la kostiki, kemikali kali inayoyeyusha rangi, likatoka tupu, likaoshwa kwa maji na kupakwa nta hadi likawa la rangi ya asali.

Kostiki haikuchagua. Iliondoa rangi, na ikala pia gundi ya mifupa na ngozi iliyoshikilia maungio. Droo zililegea, migongo ya makabati ikafunguka, na nyuzi za mbao zikasimama na kukwaruza mkono. Vifundo vilivyoonewa aibu vizazi na vizazi sasa vilikuwa ndiyo sifa ya dukani.

Kisha gurudumu likageuka tena. Mwaka 1981 Jocasta Innes alichapisha *Paint Magic*, kitabu kilichomrudishia mwenye nyumba brashi mkononi. Mwaka 1989 Rachel Ashwell, Mwingereza aliyehamia California, alifungua duka la Shabby Chic huko Santa Monica, akiuza fanicha za mitumba zilizopauka na kuchunika kama zilivyo. Mwaka uliofuata, huko Oxford, Annie Sloan alitengeneza Chalk Paint, rangi isiyong'aa inayoshika juu ya vanishi ya zamani bila kusugua msasa kwanza. Kazi ya siku nzima ya maandalizi ikapungua, na asiye fundi akaingia ulingoni.

Mbinu ya kuifanya fanicha ionekane imechakaa ni rahisi kuielewa. Kabati hupakwa rangi nzito ya chini, tuseme ya kijani. Ikishakauka, kipande cha mshumaa husuguliwa kwenye kona, ukingo wa juu na kandokando ya vishikio, yaani pale ambapo mikono ya watu ingepita miaka na miaka. Rangi nyeupe hufuata. Penye nta haishiki, hivyo msasa mwepesi huibandua na kijani huchungulia. Nta ya mwisho hupakwa kwa kitambaa kulinda yote.

Hatari iko kwenye rangi za kale zenyewe, kwa kuwa vumbi la risasi huingia mapafuni msasa unapopita. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, lakini fanicha zilizotangulia bado zinauzwa.

Soko nalo limepanga bei zake upya. Makabati ya msonobari yaliyokwepa tangi la kostiki, yakiwa na rangi yake ya kwanza, leo hutafutwa zaidi kuliko yaliyovuliwa. Mnunuzi mzoefu huvuta droo na kuchungulia pembeni na chini yake: rangi ikiwa imelika mahali pasipofikiwa na mkono wala kusuguana na kitu, anajua uchakavu huo ni wa msasa, na hushusha bei.