Nafasi za Uhadhiri katika Sayansi za Dunia na Tabianchi: Ngazi, Masharti na Njia ya Mwombaji wa Kanda

Chuo kikuu kinapotangaza nafasi ya mhadhiri wa jiolojia, hidrolojia au sayansi ya tabianchi, tangazo hilo hukaa wazi kwa wiki chache tu. Mwombaji anayeweza kulijibu kikamilifu, hata hivyo, huwa amejiandaa kwa miaka mingi: shahada ya uzamili, shahada ya uzamivu, makala katika majarida ya kitaaluma na uzoefu wa kufundisha. Kwa sababu hiyo wengi huziona nafasi hizi zikiwa tayari zimewapita. Makala haya yanaeleza nafasi hizo ni zipi, nani anayestahili kuziomba, na mkazi wa Rwanda, Burundi, Uganda au Kongo afanye nini mapema ili tangazo litakapotoka limkute tayari.

Fani na idara zake

Sayansi za dunia huchunguza miamba, udongo, maji ya ardhini, volkano na matetemeko. Sayansi za tabianchi huchunguza angahewa, mvua, joto na mabadiliko yake ya muda mrefu. Zamani vyuo vingi vilizitenganisha: jiolojia ikawa idara ya peke yake na meteorolojia idara nyingine. Siku hizi mpaka huo unafifia, kwa kuwa maporomoko ya ardhi ni jambo la mvua na la udongo kwa wakati mmoja.

Mfano ulio karibu ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika mageuzi ya mwaka 2021, jiolojia na meteorolojia ziliunganishwa kuwa Idara ya Sayansi za Dunia na Tabianchi, chini ya Kitivo cha Sayansi na Teknolojia. Chuo hicho pia ni sehemu ya mtandao wa vituo vya mafunzo vya kikanda vya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na kimewasomesha watabiri wa hali ya hewa kutoka nchi nyingi za Afrika. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kinafundisha sayansi za tabianchi katika idara moja na jiografia na taarifa za kijiografia. Nchini Rwanda, Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha taasisi za umma za elimu ya juu, kina shahada ya uzamili ya sayansi ya angahewa na tabianchi.

Uzito wa nafasi moja

Mhadhiri mmoja wa fani hizi huacha nyuma yake vizazi vya wataalamu. Marehemu Profesa Laban Ogallo alifundisha meteorolojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akaongoza kituo cha ufuatiliaji wa ukame kilichokuja kuwa Kituo cha Utabiri wa Hali ya Hewa cha IGAD, maarufu kwa jina la ICPAC. Utabiri wa msimu unaotolewa na kituo hicho huhusisha nchi 11, zikiwamo Rwanda, Burundi na Tanzania, ambazo si wanachama wa IGAD.

Kanda yetu inauhitaji utaalamu huo kwa sababu zinazojulikana na kila mkazi wake. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, hasa katika Jimbo la Magharibi. Tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka karibu na Goma, na matetemeko yaliyofuata yalisikika hadi Rubavu. Katika maji ya kina kirefu ya Ziwa Kivu kumehifadhiwa takriban kilomita za ujazo 60 za gesi ya methani na 300 za kaboni dioksidi. Methani inazalisha umeme. Lakini gesi hizo hazina budi kuchunguzwa daima, kwani mwaka 1986 kaboni dioksidi iliyofumuka kutoka Ziwa Nyos, nchini Kamerun, iliua watu wapatao 1,700. Mhandisi wa gesi, mtabiri wa mvua na mchora ramani ya miteremko hatari wote hupitia kwanza mikononi mwa mhadhiri. Nafasi ya mhadhiri huyo ikikaa bila mtu, pengo haliishii chuoni.

Ngazi za kitaaluma

Katika vyuo vya umma vya Kenya, Uganda na Rwanda ngazi zinafanana, ingawa majina hutofautiana kidogo.

Mhadhiri msaidizi huwa na shahada ya uzamili, na mara nyingi hutakiwa awe anasomea uzamivu au awe tayari kuuanza. Ngazi hii ni mlango wa kijana anayeanza. Nchini Kenya kuna pia nafasi za mafunzo ya uhadhiri, ambazo mwenye uzamili hupewa kwa mkataba akiwa anaendelea na masomo yake.

Mhadhiri, kwa kawaida, huwa na shahada ya uzamivu. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilitoa mwaka 2014 mwongozo wa pamoja wa uajiri na upandishaji vyeo, ukiufanya uzamivu kuwa kigezo cha msingi cha ngazi hii.

Mhadhiri mwandamizi huongezewa masharti ya miaka ya ufundishaji, machapisho na wanafunzi wa uzamili au uzamivu aliowasimamia hadi wakahitimu.

Profesa mshiriki na profesa hupimwa kwa uongozi wa kitaaluma: utafiti unaotambuliwa nje ya chuo, fedha za utafiti alizozileta na wasomi aliowalea.

Mwongozo wa Kenya huhesabu machapisho kwa alama, na makala yaliyopitiwa na wataalamu wenzake kabla ya kuchapishwa ndiyo yenye uzito mkubwa. Mwombaji ajihadhari na majarida ya kilaghai yanayochapisha chochote kwa malipo bila mapitio ya kweli. Makala katika jarida la namna hiyo yanaweza kumharibia jina mbele ya jopo la usaili.

Vyuo vya Burundi na Kongo vimerithi mfumo wa ngazi wa nchi zinazotumia Kifaransa. Mwombaji anayetoka huko aeleze katika barua yake ngazi aliyokuwa nayo na majukumu aliyoyatekeleza, badala ya kutaja cheo pekee.

Kusoma tangazo

Tangazo la nafasi ya kitaaluma huwa na mambo makuu matano: namba ya kumbukumbu, ngazi, fani, sifa za lazima na tarehe ya mwisho. Sifa za lazima zitofautishwe na zile zinazoelezwa kuwa ni nyongeza. Asiyetimiza sifa ya lazima huondolewa katika mchujo wa kwanza, hata kama barua yake inasomeka vizuri namna gani.

Fani nayo isomwe kwa makini. Tangazo la tabianchi linaweza kumkubali mwenye shahada ya fizikia au hisabati iwapo utafiti wake ulihusu angahewa. Tangazo la jiolojia, kwa upande wake, huweza kutaka tawi mahususi, kama vile jiofizikia, jiokemia au maji ya ardhini. Maneno "au fani inayohusiana" yakiwapo, ni wajibu wa mwombaji kuuonyesha uhusiano huo, kwa kutaja kozi alizosoma na data alizozitumia.

Faili la maombi kwa kawaida hubeba barua ya maombi, wasifu wa kitaaluma wenye orodha kamili ya machapisho, nakala za vyeti na matokeo zilizothibitishwa, na majina ya wadhamini watatu wa kitaaluma. Wadhamini wapewe taarifa mapema, kwani barua inayochelewa hulidhoofisha faili zima. Kwa nafasi za umma nchini Kenya, raia wa nchi hiyo huombwa pia hati za uadilifu, zikiwamo za ulipaji kodi na za mwenendo mwema kutoka polisi. Chuo cha umma hakitozi ada ya usaili wala ya kupata kazi. Anayedai fedha kwa simu ili apitishe jina la mwombaji ni tapeli.

Siku ya usaili

Waliochujwa huitwa mbele ya jopo. Katika vyuo vingi mwombaji hutakiwa pia kutoa somo la majaribio mbele ya wahadhiri, na wakati mwingine mbele ya wanafunzi. Maswali huzunguka mambo matatu: ataweza kufundisha kozi zipi tangu muhula wa kwanza, utafiti wake utaelekea wapi, na atapata wapi fedha za kuuendesha. Katika fani hizi liko swali la nne, nalo ni kazi ya nyanjani. Mwalimu wa jiolojia huwaongoza wanafunzi milimani na mabondeni kwa siku kadhaa. Jopo hutaka kujua kama anaimudu kazi hiyo na usalama wake.

Mwombaji kutoka nchi jirani

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Inatambua haki ya wafanyakazi kuhama baina ya nchi wanachama, na inazitaka nchi hizo zitambuliane vyeti. Tarehe 20 Mei 2017, wakuu wa nchi waliitangaza Jumuiya kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, ndilo linalosimamia uwiano wa viwango. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022.

Mlango umefunguliwa kisheria, lakini karatasi bado zinahesabiwa. Kila nchi ilijiwekea orodha ya kada ilizokubali kuzifungulia soko lake la ajira, na mwajiriwa mgeni bado huhitaji kibali cha kazi baada ya kupata mkataba. Shahada ya nje hutakiwa itambuliwe na mamlaka husika. Nchini Rwanda kazi hiyo imekuwa ya Baraza la Elimu ya Juu. Vyeti vilivyoandikwa kwa Kifaransa vitafsiriwe na mtafsiri anayetambuliwa. Hatua hizi huweza kuchukua muda mrefu kuliko muda wa tangazo lenyewe, hivyo zianze kabla ya nafasi kutangazwa.

Lugha nayo ni sharti. Vyuo vya Kenya, Uganda na Rwanda hufundisha sayansi kwa Kiingereza, na makala mengi ya utafiti huandikwa kwa lugha hiyo. Kiswahili, hata hivyo, kina nafasi yake: mtafiti anayezungumza na wakulima, wavuvi na viongozi wa vijiji kuvuka mipaka anakihitaji kila siku.

Mkataba na malipo

Ajira ya kudumu yenye pensheni si sawa na mkataba wa miaka michache, na mkataba si sawa na ufundishaji wa muda unaolipwa kwa saa. Mwombaji aulize waziwazi ni ipi anayopewa. Aulize pia kuhusu nyumba, bima ya afya, likizo ya utafiti na mzigo wa vipindi. Migomo ya wahadhiri wa vyuo vya umma vya Kenya kuhusu utekelezaji wa makubaliano ya mishahara imejirudia mara nyingi, na wahadhiri wa muda wamekuwa wakilalamikia kucheleweshewa malipo. Anayehama na familia ayajue hayo kabla ya kutia sahihi.

Maandalizi ya mapema

Kwa mwanafunzi aliye leo katika shahada ya kwanza, hatua ya kwanza ni hisabati, takwimu na uandishi wa programu za kompyuta, kwani sayansi ya tabianchi sasa hufanywa zaidi kwa data. Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, ina kituo chake Kigali kinachotoa uzamili. Kwa uzamivu, mfuko wa kikanda wa ufadhili wa masomo na ubunifu, RSIF, unaosimamiwa na taasisi ya icipe ya Nairobi, umeorodhesha mabadiliko ya tabianchi na madini miongoni mwa maeneo yake ya kipaumbele. Shirika la Ujerumani la DAAD nalo limekuwa likiwafadhili wanafunzi wa Afrika wanaosoma ndani ya kanda.

Mada ya utafiti haihitaji kutafutwa mbali. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, vituo vingi vya kupima mvua nchini Rwanda vilisimama, na kumbukumbu zikabaki na pengo la zaidi ya muongo mmoja. Wataalamu wamelijaza kwa kuunganisha vipimo vya ardhini na picha za setilaiti, lakini bado kuna mengi ya kuthibitisha kuhusu Itumba na Umuhindo, yaani masika na vuli za Rwanda. Juu ya mlima Mugogo, kaskazini-magharibi mwa nchi, kuna kituo cha kupima gesi joto kilichoanzishwa kwa ushirikiano na chuo cha MIT cha Marekani. Data za aina hii ndizo chanzo cha makala ya kwanza, na makala ya kwanza ndiyo humtofautisha mwombaji siku faili lake linapofunguliwa.

Matangazo hutolewa katika tovuti za vyuo vyenyewe na katika magazeti ya kitaifa. Kwa nafasi za utumishi wa umma nchini Rwanda, kuna pia mfumo wa serikali wa maombi kwa njia ya mtandao. Wasikilizaji wanaokusudia kuomba wathibitishe kila tangazo kwa chuo husika kabla ya kutuma hati zao.