Kauri-kioo

Kauri-kioo ni kitu kigumu kinachozaliwa kioo, kisha kugeuzwa fuwele kwa moto. Kioo kilichomiminwa katika kalibu hupashwa moto tena: kwanza mbegu ndogo za fuwele hujitokeza, mara nyingi kwa msaada wa oksidi ya titani, halafu joto huongezwa ili zikue. S. Donald Stookey wa Corning, Marekani, aligundua jambo hili mwaka 1953, tanuru yake ilipopita 600 °C na kufika 900 °C. Kipande cha kioo kilichokuwa ndani hakikuyeyuka, kiligeuka cheupe, na kilipoanguka sakafuni hakikuvunjika.

Lubumbashi, nchini Kongo, ina somo lake la wazi kuhusu kioo na fuwele. Tangu shaba ya kwanza iyeyushwe mwaka 1911, tanuru za kampuni ya Union Minière, baadaye Gécamines, zilimwaga mavi ya madini, yakarundikana kuwa mlima mweusi, terili, kando ya bomba refu la moshi. Mavi yakipoa ghafla hung'aa kama chupa nyeusi, na ukingo wake hukata kidole. Yakipoa polepole hufifia na kuwa punjepunje, maana fuwele zimepata nafasi ya kukua. Hayo bado si kauri-kioo, kwa kuwa ukuaji huo haukusimamiwa. Umoja wa Kisovieti ulifanikiwa kutengeneza vigae vya kauri-kioo kutokana na mavi ya tanuru katika miaka ya 1960. Terili ya Lubumbashi yenyewe imekuwa ikichakatwa upya kwa ajili ya kobalti.

Baadhi ya kauri-kioo zenye lithiamu, kama za majiko ya umeme, karibu hazitanuki kwa joto. Spodumeni, madini ya lithiamu, ipo kwa wingi Manono, kaskazini mwa mkoa wa zamani wa Katanga.